Wasomaji wanauliza: bei ya haki ya gari ni ipi?

SWALI: Nipo Ipuli, Tabora. Nimepata Toyota IST ya 2006, cc 1,490, imetoka Japani, namba E, haijawahi kutumika hapa nchini. Mwenye nalo anataka milioni 18.5. Nilipomuuliza mwisho shilingi ngapi, akashuka hadi milioni 18. Nichukue?

JIBU: Bado. Hiyo laki tano aliipandisha tangu mwanzo ili aje kuishusha. Swali la "mwisho shilingi ngapi" liache kabisa, maana linampa muuzaji nafasi ya kupanga mnapoanzia na mnapoishia. Bei ya gari lililoagizwa hujengwa kutoka chini, na kila tofali lake unaweza kulihesabu mwenyewe.

Ingia tovuti ya TRA, tafuta kikokotoo cha magari yaliyotumika, jaza aina, modeli, mwaka, nchi, mafuta na cc. Kitakupa thamani ya gari na kodi zake. TRA haitegemei ankara ya muuzaji peke yake. Ina thamani yake kwa kila modeli na mwaka.

Tuseme thamani hiyo, pamoja na nauli ya meli na bima, ni milioni 7. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 1.75, umefika 8.75. Juu ya hapo unaingia ushuru wa bidhaa: asilimia 5 kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000, na asilimia 30 nyingine kwa sababu gari limepita miaka 10. Lingekuwa na miaka 8 hadi 10, hiyo 30 ingekuwa 15. Sasa ni milioni 11.81. VAT ya asilimia 18 inaongeza 2.13. Kodi peke yake imekaribia milioni 6.94, na tozo ndogondogo kama ya reli hazijaingia. Ndiyo maana gari la bei ndogo Japani likifika hapa linashtua: karibu nusu ya gharama ni kodi.

Milioni 7 na 6.94 ni 13.94. Bandari, wakala wa forodha, usajili, dereva na mafuta hadi Tabora, weka milioni 1.5. Umefika 15.44. Muuzaji amefunga mtaji wake kwa miezi, faida ni haki yake. Milioni moja hivi inatosha. Kwa mfano huu, gari ni la milioni 16.4 au 16.5. Anza na 15.8, mkabidhi karatasi ya hesabu aisome, kisha nyamaza. Akidai namba mojawapo si sahihi, mwombe risiti za kodi na hati ya meli. Mwenye hesabu safi huzitoa.

Ila kabla ya kutaja fedha, nenda asubuhi na fundi wako. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, injini imeshawashwa kabla hujafika, na moshi wa asubuhi hutauona tena; rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, washa, mmoja wenu asimame nyuma: moshi wa bluu ni oili inaungua. Fungua kifuniko cha oili. Ute mweupe kama maziwa ni dalili ya maji kuingia kwenye oili. Kanyaga breki, toa P weka R, kisha D. Giaboksi ikichelewa kushika au ikipiga kishindo, hiyo si kasoro ya kupunguziwa bei, hilo ni gari la kuacha. Kata usukani mpaka mwisho, tembea taratibu. Sauti ya "tak tak" magurudumu ya mbele ni sivi jointi (kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu) iliyochakaa. Omba na karatasi ya mnada ya Japani. Gredi ya R au RA ina maana gari liligongwa likatengenezwa, na kilomita zilizoandikwa humo zilinganishe na za kwenye dashibodi.

Kasoro ndogo peleka duka la spea, uliza bei ya kifaa, jumlisha na ufundi, toa kwenye ofa yako. Wengi wanakosea hapa: wanalidharau gari, "limechoka hili", muuzaji anakasirika na bei inabaki palepale.

Na wakati una uzito wake. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa, fedha zikiingia Urambo, Kaliua na Sikonge, muuzaji hana haraka na wewe. Januari, ada za shule zinapobana, wengi hulegea.

SWALI: Nanunua pikapu jipya, kilomita sifuri, kwa wakala Dar, nilitumie Kigoma. Wanasema bei haipungui.

JIBU: Mara nyingi ni kweli, kwa sababu chapa moja huwa na wakala mmoja. Mshindanishe na chapa nyingine: leta ankara kifani (proforma, karatasi ya bei kabla ya kununua) ya pikapu linalofanana. Hakikisha bei ni ya shilingi. Kanuni za 2025 zinakataza kuuziana bidhaa nchini kwa dola. Uliza kama VAT, usajili na bima vimo.

Kwa mtu wa Kigoma, panapolipa zaidi ni servisi. Dar hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Kama karakana yao ya karibu iko mbali, omba oili na filta za servisi mbili za mwanzo, na barua kwamba servisi ya fundi wa Kigoma haitavunja waranti. Soma pia namba nne pembeni mwa tairi: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi za zamani zinaonyesha gari limekaa yadi muda mrefu, na hapo bei ina mahali pa kushukia.

SWALI: Dalali wa hapa Mwanga anataka kishika uchumba, yaani malipo ya awali, nisije nikapitwa.

JIBU: Usimpe dalali. Linganisha namba ya chesisi na kadi ya gari, angalia deni la faini kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, ndipo ulipe benki, kwa jina lilelile lililo kwenye kadi.