Kidonda kimeshonwa, na sauti je?

Msomaji wa Ngamiani, Tanga, ametuandikia kuhusu mdogo wake aliyejaribu kujiua kwa namna ambayo mtaa mzima bado unaizungumza. Anauliza nani kamtupia jini. Namna yenyewe hatuielezi hapa, nanyi msiwasimulie wanaokuja kutoa pole. Masimulizi hayo huweza kumpa njia mwingine aliye dhaifu.

Sisi tunaohudumia wagonjwa wa akili, jaribio likiwa la ajabu, tunaulizia mapema saikosisi, yaani hali ya kusikia au kuamini yasiyokuwepo. Si lazima iwe hiyo: sonona kali na pombe pia humfikisha mtu huko. Lakini mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta saikosisi, huweza kusikia sauti zinazomwamuru, au kuamini kuna kitu mwilini mwake ambacho lazima kitoke. Wengine hata kufa hawakukusudia. Wodi ya upasuaji ikishona na kutoa ruhusa bila daktari wa akili kumwona, sauti zinarudi naye nyumbani.

Tatizo jingine ni familia kuficha. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, basi watu husema "kaanguka", na daktari anatibu kuanguka. Semeni kweli. Elezeni amekuwa akilala kwa muda wa saa ngapi kila usiku wiki hizi, kama anaongea peke yake, kama amegoma kula akihofia sumu, amejifungua karibuni, ana kifafa, au ameacha dawa na tangu lini. Naye muulizeni waziwazi: "Unasikia sauti? Zinakuambia ujiue?" Kuuliza hakumpandikizii wazo.

Akianzishiwa haloperidol, dawa ya saikosisi, siku chache za mwanzo shingo inaweza kukakamaa na macho kupinduka juu. Hapo ndipo ndugu wengi hutupa dawa na kukimbilia ubani! Ni athari ya dawa, hutibika kwa benzhexol au sindano. Mrudisheni hospitali siku hiyohiyo. Dawa za sonona kama fluoxetine huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha nafuu, na mwanzoni kijana anaweza kuhangaika zaidi. Ombeni dawa za wiki moja moja, mtu mzima azifungie na ahakikishe zimemezwa. Anayesahausahau vidonge vya saikosisi aulizie sindano ya kila mwezi. Ramadhani, daktari ndiye apange dozi ya futari au daku, msiikate wenyewe.

Shehe amsomee, hatukatazi. Minyororo tunakataa, na kumfungisha saumu siku kadhaa bila dawa tunakataa pia. Mzee anayesema "tutalimaliza kifamilia" na awe tayari kukesha, kwa sababu wiki ya kwanza baada ya ruhusa ni miongoni mwa zile za hatari zaidi.

Msitoke hospitali ya Bombo bila tarehe ya kliniki ya akili iliyoandikwa, ndani ya siku 7. Kama sauti bado zinaamuru, ombeni alazwe au apewe rufaa; hospitali ya Lutindi, kule Korogwe, inalaza wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani.