Mzee akiyumba, pima kila mguu peke yake

Wiki hii msomaji wa Arusha ameniandikia kuwa baba yake anayumba akitembea, na ndugu wamekata shauri: ni uzee, akae atulie. Maneno hayo yananichoma hadi leo, maana nasi tuliambiwa hivyo hivyo kuhusu mama.

Mama anaishi Old Moshi, kwenye mteremko. Aliumia goti la kushoto, likapona, lakini akaendelea kuanguka. Hospitali tuliyokwenda kwanza walimwandikia dawa za maumivu, wakasema umri umekwenda. Hakuna aliyemwangalia akitembea! Baadaye mtaalamu wa fiziotherapia alimwambia ainuke kwenye kiti akitumia mguu mmoja, ule mwingine ugusie tu sakafu. Wa kulia ukamwinua. Wa kushoto ukatetemeka, akarudi kukaa. Miguu yote miwili ina umri mmoja, sasa uzee unaingiaje hapo?

Mwenye goti bovu huegemea mguu mzima, na paja la upande wa goti bovu hunywea, hata maumivu yakiisha. Katika kila hatua kuna muda mwili wote unabebwa na mguu mmoja. Zamu ya ule dhaifu ikifika, mtu anayumba. Kushuka ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa misuli ya mbele ya paja ndiyo breki.

Tukaanza. Kiti kigumu, kimeegemezwa ukutani. Mama anainuka na kukaa taratibu, mguu wa kushoto umevutwa nyuma kidogo ili ubebe zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2020, linashauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kuimarisha usawa wa mwili siku 3 au zaidi kwa wiki, nasi tukashika hapo. Mkongojo ukahamia mkono wa kulia, kinyume na mguu dhaifu.

Jumamosi mama ameshuka mwenyewe hadi barabarani, akapanda daladala kwenda sokoni Kiborloni. Fahari niliyoiona siwezi kuificha.

Ndugu zangu, tuache kuwakalisha wazee wetu. Tunarudi Krismasi na sofa laini ambalo mama hawezi kuinuka, halafu tunaita heshima. Mzee anahitaji kuinuka, tena na tena, kila mguu ufanye kazi yake.

Nawe wa Arusha, mpeleke baba akapimwe kila mguu peke yake. Ila mguu ukilegea ghafla, usingoje mazoezi: huenda ni kiharusi, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.