Maswali na majibu: Nani anathibitisha, nani anaidhinisha?

Barua za safari hii zimegusana. Nimeziweka pamoja, nikazifupisha kidogo.

Nini maana hasa ya "kuthibitisha", na visawe vyake ni vipi? Mwenzangu anasema ni sawa na "kuidhinisha". (Mwalimu wa sekondari, Tabora)

Mwalimu, mwenzako amekaribia lakini hajafika. Thibitisha limetokana na thabiti, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kilichosimama imara, kisichoyumba. Jambo lilikuwa linasemwa tu, ukilithibitisha, umelisimamisha. Idhinisha limetoka kwenye idhini, yaani ruhusa. Anayeidhinisha hasemi kwamba jambo ni kweli, anasema liendelee. Chukua shule yenu: mtunza stoo anathibitisha kwamba mifuko arobaini ya saruji imepokelewa, mkuu wa shule anaidhinisha malipo. Wabadilishie kazi uone. Mkuu atakuwa amesaini ushahidi wa mifuko ambayo hajaiona, na mtunza stoo atakuwa anagawa hela zisizo zake.

Pwani bado utalisikia tendo lenyewe likiwa tupu, bila -isha: thibiti. Jioni ya tarehe 29 Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, watu wanakodoa macho upande wa magharibi. Aliyeuona mwezi anashuhudia. Kadhi anamsikiliza na kumhoji: ulikuwa wapi, uliuona saa ngapi, ulikuwa na nani? Akiridhika, inatangazwa kwamba mwandamo umethibiti, na usiku huohuo watu wanasali tarawehe. Mwezi ni uleule aliouona mvuvi nusu saa nyuma, ila sasa una kauli ya mwenye mamlaka nyuma yake. Huo ndio urasmi uliomo kwenye neno hili.

Visawe? Yakinisha liko karibu sana, ingawa siku hizi halisikiki mara kwa mara. Hakikisha lilikuwa karibu pia, lakini limehama. Tunaambiana "hakikisha umefunga mlango", na hapo huwezi kuweka thibitisha hata kidogo. Vijana wanasema "nikonfemu". Sina ugomvi nao, mradi wasiliandike kwenye barua ya kazi.

Redioni nasikia "dhibitisha". Ni sahihi? (Msikilizaji, Nakuru)

Hapana. Hilo ni dhibiti lililovikwa mkia usio wake. Kudhibiti ni kuweka kitu chini ya mamlaka kisifanye kitakavyo. Ndiyo maana Tanzania kuna Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na polisi hudhibiti ghasia, hawazithibitishi. Kiarabu kina herufi tofauti kwa maneno haya mawili, nasi tumezitofautisha kwa th ya thelathini na dh ya dhahabu. Ukizichanganya utajiponza. Rafiki unayemthamini unamwalika harusini. Unayemdhamini, akitoroka, mahakama inakuita wewe.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Kila kikao naandika ajenda ya "kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita". Mjumbe mmoja anataka iwe "kupitisha". Tumebishana mpaka chai imepoa. (Mbagala, Dar es Salaam)

Dada katibu, umeandika sawasawa. Muhtasari hauombi ruhusa ya mtu. Unasomwa ili wajumbe waseme kama ndivyo ilivyokuwa. Najua kinachofuata, kwa sababu nimekaa kwenye vikao hivyo: mama mmoja nyuma anainua mkono, "Mwenyekiti, mimi sikusema nitarejesha Ijumaa, nilisema mwisho wa mwezi." Panasahihishwa, mwenyekiti anasaini, mnaingia kwenye yatokanayo. Hapo mmethibitisha.

Kupitisha ni kwa jambo jipya linalosubiri uamuzi: bajeti, azimio, riba mpya. Bungeni Dodoma nako spika huwahoji "wanaoafiki", na taarifa rasmi za Bunge huandika "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Kuna na "kubariki", linalopendwa na waandishi wa habari: "wajumbe wabariki mpango". Mimi baraka nawaachia mashehe na mapadri.

Kwa nini Bunge la Tanzania "linathibitisha" Waziri Mkuu lakini "linaridhia" mikataba, na Kenya mawaziri "wanaidhinishwa"? Si kitu kilekile? (Mwanafunzi wa sheria, Dar es Salaam)

Swali hili limenifurahisha kuliko yote, maana hapa maneno yamefuata sheria hatua kwa hatua.

Ibara ya 51 ya Katiba ya Tanzania inasema Rais anamteua Waziri Mkuu, lakini mteuliwa hashiki madaraka mpaka uteuzi wake uthibitishwe na azimio la Bunge. Angalia mpangilio: uteuzi upo tayari, kura za wabunge zinakuja kuusimamisha. Kenya, chini ya Katiba ya 2010, Rais anapendekeza majina ya mawaziri, Bunge la Taifa linatoa idhini, kisha ndipo anateua. Bila idhini, uteuzi haujazaliwa. Kwa hiyo Wakenya wakisema "kuidhinisha" na Watanzania wakasema "kuthibitisha", si lahaja inayowatenganisha. Utaratibu ndio tofauti.

Kuridhia kumetoka kwenye ridhaa, kukubali kwa moyo. Bibi harusi huulizwa kama ameridhia, haulizwi kama amethibitisha. Nchi nayo hivyohivyo: ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000, baada ya Kenya, Uganda na Tanzania kuuridhia. Miezi saba na siku kadhaa kati ya saini na nguvu ya sheria. Gazeti likiandika "marais wameridhia mkataba" siku ya kutia saini, limewahisha harusi wakati mambo yako kwenye posa.

Cheti changu kilihakikiwa kazini. Je, ndiyo kimethibitishwa? (Mtumishi wa umma, Dodoma)

Inategemea kilionekana nini. Kuhakiki ni kazi ya kuchunguza, kuthibitisha ni jibu linalopatikana, na jibu laweza kuwa baya. Tarehe 28 Aprili 2017, hapohapo Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Vyeti hivyo vyote vilihakikiwa. Havikuthibitishwa.

Usichanganye na kuthibitishwa kazini, ambako ni kumaliza kipindi cha majaribio ukapewa barua yako. Na nakala iliyothibitishwa ni jambo la tatu: wakili analinganisha nakala na cheti halisi, anagonga muhuri, anasaini. Ndivyo inavyotakiwa. Mimi niliwahi kuingia ofisi moja na nakala sita, zikagongwa mihuri sita, na cheti halisi kikarudi nyumbani ndani ya bahasha bila kufunguliwa. Sijui tuite nini kile. Kuidhinisha, labda.

"Ithibati" ni nini? (Msomaji, Morogoro)

Ni uthibitisho, kutoka shina lilelile. Siku hizi limepewa kazi maalumu ya kumtambua rasmi mtu au taasisi kuwa imetimiza masharti, kama kwenye Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Kurasimisha ni kitu kingine: kukiingiza kwenye mfumo rasmi kilichokuwa nje, mfano kiwanja kisicho na hati.

Nikilipwa kwa simu, ujumbe unasema "Imethibitishwa". Imethibitishwa nini? (Muuza mboga, Mwanza)

Mama, hiyo i- hata mimi imenisumbua. Muamala ungedai "umethibitishwa", malipo "yamethibitishwa". Nadhani mwandishi alikuwa na pesa kichwani. Kinachothibitishwa ni kwamba mtandao wenyewe umeiona pesa ikihama. Ndiyo sababu matapeli wanaliiga neno hilo na kukutumia kutoka namba ya kawaida. Angalia salio kwanza, kisha mfungie mchicha wake.