Wafilipino Walioko Japani: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya akina mama wa Kifilipino wakitoka katika misa ya Jumapili kwenye kanisa la Mtakatifu Inyasi, mtaa wa Yotsuya, jijini Tokyo. Barua tulizopokea baada ya picha hiyo ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo tumechagua tano ambazo maswali yake yalijirudia katika barua nyingine.

"Nimesoma mahali fulani kwamba wanawake wa Kifilipino walioko Japani huitwa Japayuki, na kwamba wengi wao walikwenda kufanya kazi katika vilabu vya usiku. Je, ni kweli? Na kwa nini wanawake ni wengi kuliko wanaume?" (Mwanafunzi wa historia)

Ninaanza na neno lenyewe, kwa sababu linaumiza. Zamani, wanawake maskini wa Kijapani waliovuka bahari kwenda kuuza miili yao katika bandari za Asia, Manila ikiwa miongoni mwake, waliitwa karayuki, maana yake wanaokwenda ng'ambo. Katika miaka ya 1980 magazeti ya Japani yaligeuza neno hilo yakapata Japayuki, wanaokuja Japani, na yakawabandika wanawake wa Asia waliokuwa wakiwasili kwa kazi za burudani. Wenyewe hawakujiita hivyo. Walijiita talento, yaani wasanii, na viza zao zilisema vivyo hivyo. Ninakuomba, ndugu msomaji, usilitumie neno hilo kwa mtu aliye hai mbele yako.

Sehemu ya pili ya swali lako ina ukweli ndani yake, ila ukweli huo ni wa kipindi fulani na ulitokana na sheria. Kwa miaka mingi Japani haikutaka kukiri kwamba inahitaji vibarua wa kigeni, na mlango uliokuwa wazi kwa Mfilipino asiye na shahada kubwa ulikuwa viza ya usanii, inayotolewa kwa waimbaji na wacheza dansi kwa muda usiozidi miezi 6 kwa safari moja. Serikali ya Ufilipino iliwapima na kuwapa cheti, nayo Japani ikakikubali cheti hicho. Mwaka 2004 pekee Wafilipino zaidi ya 80,000 waliingia Japani kwa viza hiyo, na karibu wote walikuwa wanawake. Wengi walijikuta wamekaa mezani wakiwamiminia wateja pombe badala ya kusimama jukwaani, huku wakilazimishwa kutoka na wateja kabla ya saa za kazi na kukatwa fedha wasipofikisha idadi waliyopangiwa. Kanuni zilitaka msanii alipwe yeni 200,000 kwa mwezi, lakini kiasi kilichofika mkononi mwake baada ya mawakala wa nchi zote mbili kuchukua chao kilikuwa kidogo mno. Mwaka 2004 ripoti ya Marekani kuhusu biashara haramu ya binadamu iliiweka Japani katika orodha ya nchi za kuangaliwa kwa karibu, na mwaka 2005 Japani ikaacha kukitambua kile cheti. Mwaka 2006 walioingia kwa njia hiyo hawakufika hata 10,000.

Mlango ule ukafungwa, lakini waliokwisha kuingia walikuwa wameshajenga maisha. Wengi waliolewa na Wajapani, na ndoa za aina hiyo zilifikia kilele mwaka huohuo wa 2006, zilipofungwa takriban 12,000. Wapo pia walioolewa bila kuona klabu hata kwa mlango: katikati ya miaka ya 1980 mji mdogo wa Asahi, mkoani Yamagata, ambako wasichana walikuwa wamehamia mijini na wakulima wamebaki bila wenzi, ulianza kuwatafutia vijana wake wachumba kutoka Ufilipino kwa utaratibu uliosimamiwa na uongozi wa mji. Ndiyo sababu leo, katika jamii ya watu zaidi ya 300,000, ambayo ni ya nne kwa ukubwa baada ya Wachina, Wavietnamu na Wakorea, takriban watu 7 katika kila 10 ni wanawake, na zaidi ya 130,000 wana ukaazi wa kudumu. Ukimwona mama wa Kifilipino sokoni Japani leo, uwezekano mkubwa ni kwamba unamwona mke, mama na mlipa kodi aliyeishi hapo kwa miaka 20 au 30.

"Mtoto wa mama Mfilipino na baba Mjapani ni raia wa nchi gani?" (Mama wa watoto watatu)

Mama mpendwa, swali lako limefika mpaka Mahakama ya Juu ya Japani. Baba na mama wakiwa wameoana, mtoto huzaliwa akiwa raia wa Japani, na kwa upande wa mama huwa pia raia wa Ufilipino. Taabu ilikuwa kwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Baba akimkiri mtoto angali tumboni, mtoto alipata uraia. Akimkiri baada ya kuzaliwa, mtoto hakuupata mpaka wazazi waoane. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja waliweza kuwa mmoja Mjapani na mwingine mgeni, kwa sababu tu baba alichelewa kwenda katika ofisi ya manispaa.

Watoto 10 wa mama Wafilipino walipeleka shauri hilo mahakamani. Tarehe 4 Juni 2008 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sharti la ndoa linavunja kifungu cha 14 cha Katiba, kinachotaka watu wote wawe sawa mbele ya sheria. Ni mara chache sana mahakama hiyo imetamka kwamba sheria ya Bunge inakwenda kinyume cha Katiba, na hapa ilifanya hivyo kwa ajili ya watoto ambao wengi waliwahesabu kuwa wa kando. Bunge lilirekebisha sheria, na tangu Januari 2009 mtoto aliyekiriwa na babake kabla ya umri wa utu uzima, ambao sasa ni miaka 18, anaweza kupata uraia kwa kutoa taarifa rasmi, wazazi wawe wameoana au la.

Lakini baba lazima akiri, na hapo ndipo penye donda. Wapo watoto wengi waliolelewa na bibi zao kule Ufilipino, wenye jina la baba katika hati ya kuzaliwa na picha moja ya zamani, ambao baba hajajibu barua hata siku moja. Wengine wamekuja kurudishwa Japani na mawakala waliowaahidi uraia wa mtoto na kazi kwa mama, kisha wakamfunga mama huyo kwa deni la nauli na mafunzo katika nyumba za kulelea wazee. Mama anayepata ahadi ya namna hiyo na asome mkataba wote, na asikabidhi pasipoti yake kwa mtu yeyote.

Kuna jambo moja zaidi. Japani haitaki mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili: aliyeupata kabla ya miaka 18 anatakiwa kuchagua kabla ya kufikisha miaka 20, na kabla ya Aprili 2022 ukomo ulikuwa miaka 22. Mchezaji wa gofu Yuka Saso, aliyezaliwa Ufilipino kwa mama Mfilipino na baba Mjapani, alishinda mashindano ya wazi ya wanawake ya Marekani mwaka 2021 chini ya bendera ya Ufilipino, akachagua uraia wa Japani, kisha akashinda mashindano hayohayo mwaka 2024 chini ya bendera ya Japani. Wafilipino walisikitika, Wajapani wakafurahi. Mimi nilimhurumia binti wa umri ule kuambiwa achague kati ya baba na mama.

"Mimi ni muuguzi. Nasikia Japani inalia kwa uhaba wa wahudumu wa wazee, na Ufilipino ina wauguzi wengi. Kwa nini basi hawajajaa huko?" (Muuguzi wa wodi ya wanawake)

Kwa sababu ya kalamu, ndugu muuguzi, si kwa sababu ya sindano. Mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi wa nchi hizo mbili ulitiwa saini mwaka 2006 na kuanza kutumika Desemba 2008, na kundi la kwanza la wauguzi na walezi wa wazee liliwasili Mei 2009. Watu waliokuwa wauguzi kamili kwao walipokewa kama watahiniwa, wakafanya kazi za usaidizi, na wakapewa miaka 3 wafaulu mtihani wa taifa ulioandikwa kwa Kijapani. Mwaka 2010 wageni 254 waliufanya chini ya mkataba huo na ule wa Indonesia, wakafaulu 3: Waindonesia 2 na Mfilipino 1. Katika mtihani huohuo, Wajapani 9 kati ya 10 hufaulu.

Fikiria neno jokuso, ambalo ni vidonda vya mgonjwa aliyelala muda mrefu bila kugeuzwa. Muuguzi yeyote anavijua, anajua namna ya kuvizuia na kuvitibu, lakini neno lenyewe huandikwa kwa herufi za Kichina ambazo hata Mjapani wa kawaida hukwama kuzisoma. Baada ya kelele nyingi, wizara ililegeza maneno ya aina hiyo, na baadaye watahiniwa wageni wakaongezewa muda na kuwekewa matamshi juu ya herufi. Matokeo yamekuwa bora, ingawa bado hayajafika yalipo ya wenyeji. Tangu Aprili 2019 kuna viza nyingine ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, inayohusu pia ulezi wa wazee na isiyodai mtihani ule kwanza, na Wafilipino wengi vijana sasa hupitia huko. Kwa maoni yangu Japani ilipoteza miaka 10 kwa ukaidi, na waliolipa gharama ni wazee wake.

"Je, wana mtaa wao kama Wachina wa Yokohama?" (Msafiri)

Hawana mtaa wa namna hiyo. Takenotsuka, kaskazini mwa Tokyo katika wilaya ya Adachi, ina baa na maduka yao, na eneo la Sakae mjini Nagoya linajulikana vilevile. Mkoa wa Aichi ndio wenye Wafilipino wengi kuliko mikoa yote, kwa sababu ya viwanda vya magari. Lakini mwanamke aliyeolewa na Mjapani huishi aliko mumewe, iwe ni gorofani Osaka au kando ya shamba la mpunga Yamagata, hivyo jamii hii imetawanyika nchi nzima. Wanachokuwa nacho badala ya mtaa ni kanisa. Katika nchi ambako Wakatoliki hawafiki hata asilimia 1 ya watu, kuna parokia ambazo bila Wafilipino viti vingebaki vitupu, na misa zao za alfajiri kabla ya Krismasi huwakusanya watu ambao mwaka mzima hawakuonana.

"Ndoa ikivunjika, mke hufukuzwa nchini? Na je, anaweza kuolewa tena?" (Shangazi wa aliyeolewa huko)

Shangazi, mwambie mwanao mambo haya kabla hayajamfika. Japani talaka ya makubaliano hukamilika kwa fomu iliyosainiwa na wote wawili na kupelekwa manispaa, bila hakimu. Kwa kuwa ni rahisi hivyo, wapo waume waliosaini kwa niaba ya wake zao. Mke mwenye wasiwasi anaweza kuwahi manispaa na kuwasilisha ombi kwamba fomu ya talaka yenye jina lake isipokewe bila ridhaa yake. Huko huliita fujuri moshide.

Akishaachika anatakiwa kuijulisha idara ya uhamiaji ndani ya siku 14, na akikaa miezi 6 bila kuishi kama mke, viza ya ndoa inaweza kufutwa isipokuwa kuna sababu ya haki, mathalani amekimbia kipigo. Hafukuzwi siku hiyohiyo. Waraka wa serikali wa mwaka 1996 unaruhusu mama anayemlea mtoto wake wa Kijapani kupewa hadhi ya mkaazi wa muda mrefu, kwa hiyo suala la nani ana mamlaka ya malezi lisiachwe mpaka baada ya kusaini. Mwenye ukaazi wa kudumu haguswi na haya ya viza.

Kuolewa tena ni habari nyingine, maana Ufilipino haina sheria ya talaka, isipokuwa kwa Waislamu. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Familia kinaitambua talaka iliyopatikana ng'ambo ndoa inapokuwa na mgeni, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba inatambuliwa hata kama aliyeiomba ni Mfilipino mwenyewe. Hata hivyo ni lazima afungue shauri mahakamani Ufilipino na kupata hukumu. Bila hukumu hiyo, kumbukumbu za kwao zitaendelea kumtaja kuwa mke wa mtu.

Na kwa kuwa umeandika kwamba amekaa huko tangu ujanani, muulize pia kuhusu pensheni yake. Waajiri wengi wa vilabu hawakuwahi kuwaandikisha wafanyakazi wao, na wanawake wa miaka ya 1980 sasa wanazeeka. Tangu Agosti 2017 miaka inayohitajika ili kulipwa pensheni ya uzeeni ilipunguzwa kutoka 25 hadi 10, na tangu Agosti 2018 mkataba wa nchi hizo mbili unaruhusu miaka aliyochangia Ufilipino ijumlishwe na ile ya Japani katika kuhesabu hiyo 10. Kama alichanga miaka 6 huku na 5 kule, aende ofisi ya pensheni ya eneo lake akiwa na kumbukumbu zote mbili.