Muulize Kocha: Mpira Unadondoka Katikati, Wote Wanatazamana

Kocha, habari za kazi. Nafundisha mpira wa wavu watoto 20 wa miaka 11 hadi 13. Nina mipira 4 na wavu mmoja. Wakipasiana wawili wawili wanapendeza kweli, lakini siku ya mechi mpira ukivuka wavu unadondoka katikati yao na wote wanatazamana. Niwaongezee zoezi gani?
*Mwalimu wa michezo*

Mwalimu, kabla ya kuongeza, punguza. Hilo zoezi la wawili wawili ndilo linalokudanganya. Mtoto anayerushiwa mpira na mwenzake aliye mbele yake anajua unatoka wapi na kwamba ni wake. Kwenye mechi hajui lolote kati ya hayo. Isitoshe, amezoea kuurudisha mpira ulikotoka, wakati mechini pasi ya kwanza inatakiwa kwenda kwa seta, yule anayemwandalia mpigaji mpira.

Funga kamba au chora mstari uugawe uwanja kwa urefu wake, upate viwanja viwili vyembamba vya upana wa mita 4.5. Usitumie mita zote 9 kwenda nyuma; 6 zinatosha. Wavu ushushe ufike kama mita 2, maana ule wa 2.24 wa wanawake na wa 2.43 wa wanaume ni wa watu wazima. Kila upande weka watoto 5: 3 wanacheza, 2 wako nyuma ya mstari, na wanaingia kwa zamu kila pointi ikiisha; mpira wa pili wa kila kiwanja uwe mkononi mwa wanaosubiri upande mmoja. Hapo hakuna foleni. Foleni ndefu ndiyo adui mkubwa wa mazoezi ya watoto, nalisema hili kila ninapopata nafasi.

Mwanzoni wadake tu. Mpira urushwe kwa mikono miwili kuvuka wavu. Anayepokea audake chini, mbele ya tumbo, miguu ikiwa imeshatulia. Amrushie seta, seta audake juu ya paji la uso, amrushie wa tatu, naye aruke autupe ng'ambo. Kudaka kunakuonyesha kila kitu: aliyeudakia ubavuni au huku anakimbia, hata pasi yenyewe ingemshinda.

Sasa dawa ya kutazamana. Weka sheria kwamba anayeutaka mpira aite "Wangu!" kabla haujavuka wavu. Wasipoita, pointi ni ya wapinzani, hata kama wameudaka vizuri. Watalalamika, shikilia hapo hapo. Muda si mrefu utaona mtoto anainua macho kumtazama anayerusha, badala ya kusubiri mpira umfikie. Asiyeita naye ana kazi: amgeukie mwenzake na asogee tayari kuokoa pasi ikiharibika.

Wakishazoea, mguso wa kwanza uwe pasi ya kweli na mingine miwili waendelee kudaka. Halafu wa pili, halafu wa tatu. Wewe simama nyuma ya mpokeaji uangalie miguu. Makocha wengi wanakodolea mikono, na mikono inaharibika kwa sababu miguu imechelewa.

Shikamoo Kocha. Nina miaka 14. Nikianzisha mpira kwa juu haufiki ng'ambo. Wenzangu wanasema nina mikono dhaifu.
*Mchezaji mchanga*

Marahaba mwanangu. Mpira una gramu 260 hadi 280 tu. Mkono wako unauweza. Nina hakika kubwa kuwa tatizo ni unavyourusha kabla ya kupiga. Kama unatumia mkono wa kulia, tanguliza mguu wa kushoto, urushe mpira usawa wa bega la kulia, juu kidogo tu ya pale mkono unapofika, kisha usiupige. Uache udondoke. Ukianguka nyuma yako au upande wa kushoto, rudia. Ukitulia, simama kwenye mstari wa mita 3 kutoka wavuni, upige kwa kiganja kigumu, kifundo kisilegee. Ukivuka mara kwa mara, rudi nyuma hatua moja. Kwenye mechi, refa akipuliza filimbi una sekunde 8, kwa hiyo usiharakishe. Na hadi utakapofika mstari wa nyuma, anzisha kwa chini bila wasiwasi, sheria inaruhusu.

Mwanangu wa miaka 12 ni mrefu kuliko wenzake. Kocha wake anamtaka akae mbele tu, azuie. Ni sawa?
*Mzazi*

Hapana. Kila anayeanzisha mpira anacheza nyuma, na mzunguko wa wachezaji kubadilishana nafasi utamfikisha huko. Libero, yaani mchezaji maalumu wa kupokea na kulinda nyuma, ambaye sheria zilimleta mwaka 1998, huenda asiwepo kwenye timu yake. Tena kwa umri huo wenzake wanaweza kumpita kimo mwaka mmoja baadaye. Zungumza na kocha kwa upole, umwombe mtoto apokee na aseti kama wengine.