Kufungua kabati la nje ambalo ufunguo wa kufuli umepotea
Anza na bawaba, kufuli liache kwanza. Makabati mengi ya nje hufungwa bawaba ambazo skrubu zake zinaonekana hata mlango ukiwa umefungwa, kwa hiyo bisibisi peke yake inatosha kuuondoa mlango wote bila kuharibu chochote. Hivyo ndivyo nilivyolifungua kabati la mtungi wa gesi lililo nje ya jiko langu: skrubu mbili za chini zilikuwa zimeshika kutu, nikazidondoshea mafuta ya taa, nikasubiri kama nusu saa, ndipo zikalegea. Ushike mlango kabla ya kutoa skrubu ya mwisho, kwani mlango wa chuma ukikuangukia mguuni utaukumbuka muda mrefu.

Ikiwa skrubu zimefichwa ndani, kata kwa msumeno wa chuma ile pete ambamo kufuli limepita, kwa kuwa mara nyingi ni ya chuma laini, ilhali upinde wa kufuli zuri umeimarishwa na utamaliza meno ya msumeno bure. Grenda ni ya haraka zaidi, lakini usiitumie kabisa iwapo ndani mna gesi, petroli au rangi, kwa sababu ya cheche.