Waya mrefu wa kusikilizia mita 160 na 80 hapa Tanga: ufukweni siyo mahali pake

Mkuu, umeuliza kama kiwanja chako cha Mwambani, kile kinachopakana na mikoko, kinafaa kuvutia antena ya Beverage, yaani waya mrefu uliovutwa sambamba na ardhi, ya kusikilizia Ulaya kwenye bendi za redio za mita 160 na 80, kwa vile kila mtu anasema ufukwe ni dhahabu kwa redio. Nakujibu kwa niliyoyasikia kwa masikio yangu, maana nimekaa na waya wa aina hii pwani na nimekaa nao kwenye mashamba ya mkonge upande wa Ngomeni. Kiwanja hicho kiwekee antena ya kurushia. Waya wa kupokelea upeleke bara.

Sababu ni hii. Antena ya wima ikisimama karibu na maji ya chumvi inarusha mawimbi yanayokwenda chini chini hadi mbali, na hapo ufukwe hauna mpinzani. Beverage inaishi kwa kitu tofauti. Wimbi likipita juu ya ardhi kavu isiyopitisha umeme vizuri, sehemu yake ya chini inachelewa, wimbi zima linainama kuelekea mbele, na ule mwinamo ndio unaoingiza mkondo kwenye waya uliolala sambamba na ardhi. Juu ya maji ya chumvi au tope la mikoko wimbi linabaki limesimama wima, kwa hiyo waya haupati kitu cha maana. Kinachosikika hapo ni kile kinachookotwa na vipande vya wima vya mwisho wa waya, ambavyo havijui Ulaya iko wapi.

Ardhi yetu ya mawe ya chokaa, Amboni, Maweni hadi Pongwe, ambayo mkulima wa mahindi anailalamikia, kwa kazi hii ni neema.

Na waya huu si jambo la jana. Desemba 1921 Paul Godley alitoka Marekani akaenda Ardrossan, Scotland, akavuta waya wa aina hiyo wenye futi kama 1,300, akawasikia wanaredio wa ridhaa wa Marekani ng'ambo ya Atlantiki wakiwa kwenye mawimbi ya karibu mita 200. Waliojaribu mapema mwaka huohuo hawakufua dafu. Harold Beverage, aliyeubuni, hakuwa anatafuta nguvu. Alikuwa anatafuta utulivu.

Hapo ndipo nataka ukae sana. Tatizo letu kwenye bendi za chini ni radi. Msimu mzuri wa mita 160 kwa Ulaya ni Oktoba hadi Machi, usiku wao ukiwa mrefu, na huo ndio wakati ambapo Zambia, Malawi na Msumbiji wako kwenye mvua. Sasa angalia ramani: kutoka Tanga, London iko kama digrii 335, yaani kaskazini ukienda kidogo magharibi. Radi za kusini zinakuja mgongoni. Waya uliofungwa rezista (kizuia mkondo) mwisho wake wa kaskazini unaziziba zile za nyuma na kuacha mbele wazi. Radi za Kongo ziko ubavuni, hazitaisha zote, ila zinapungua vya kutosha kumsikia mtu anayetuma kwa Morse (nukta na mistari) aliyekuwa amezama kwenye kelele. Marekani ya mashariki iko kama digrii 312, hivyo waya uleule unakufaa alfajiri kabla jua halijachomoza. Japani ni 54 hivi, huko utahitaji waya mwingine.

Kwenye shamba la mkonge tafuta barabara ya bloku iliyonyooka kuelekea huko. Omba ruhusa kwa meneja na uwaambie walinzi, wasije wakadhani ni mtego. Waya wenye urefu wa mita 160 hadi 180 unatosha kuanzia, kimo mita mbili na nusu ili ng'ombe na wapita njia wasiuguse. Nguzo usinunue: shina refu la mkonge uliokwisha chanua, likikauka, ni jepesi na halipitishi umeme, ila mchwa wanalipenda, kwa hiyo lipake oili chafu upande wa chini. Waya wa shaba utaibiwa. Tumia waya wa gavanaizi wa uzio. Upotevu wake ni mdogo ukilinganisha na ule wa ardhi yenyewe.

Rezista iwe ya kaboni, omu 470, wati 2. Ile ya kuviringisha waya usiiguse, ina tabia ya koili. Inakaa upande wa Ulaya, kati ya waya na ethi (kiunganishi cha ardhini). Transfoma inakaa upande wa pili, ndipo kebo ya kwenda kwenye redio inapoanzia. Fimbo ya ethi haiingii kwenye mawe haya, kwa hiyo tandaza waya tatu nne za mita tano hadi kumi, ziende pembeni, zisilale chini ya antena.

Transfoma ndiyo inayowashinda wengi. Chukua feraiti (kiini cha kuzungushia koili) ya matundu mawili, aina ya BN-73-202, zungusha raundi mbili upande wa kebo na raundi tano upande wa waya. Hizo ni kwa kebo ya dishi ya omu 75, ambayo ni rahisi kuipata mjini. Zile koili mbili zisigusane popote. Ethi ya antena iwe yake, na ganda la kebo liwe na ethi nyingine mita kadhaa pembeni. Ukiziunganisha, kelele zote za nyumbani, chaja, taa za LED, inveta ya sola, zitatembea juu ya ganda la kebo hadi kwenye antena, na utalaumu radi. Jipime hivi: chomoa waya kwenye transfoma, acha kebo. Redio inatakiwa inyamaze. Kama bado inakoroma, kebo yako ndiyo antena.

Usiku wa kwanza usitazame sindano ya redio inayoonyesha nguvu ya mawimbi. Itashuka sana, na stesheni zitashuka pia. Sikiliza pengo kati ya sauti na kelele. Na usirushe kamwe kupitia waya huu, rezista itaungua.

Kama shamba halipatikani, waya wa mita 60 uliolazwa juu ya ardhi kavu unafanya kazi ya heshima, ukiuweka mbali na nguzo za umeme na mbali na chumvi. Tuma mwelekeo wa barabara utakayopewa, kwa digrii, nikuambie kama inafaa kabla hujanunua waya.